Gambuti la mtoto: Kabla ya kumgombeza, ingiza mkono ndani

Ni Jumamosi asubuhi katika kitongoji kimoja cha Msangano, Wilaya ya Momba, mkoani Songwe. Mvua imenyesha usiku kucha na njia ya kwenda kwenye majaruba ya mpunga imegeuka tope. Mama mwenye watoto watatu amemtanguliza mwanawe wa darasa la sita kwenda kuamia ndege. Mtoto ameondoka nyumbani na magambuti meusi miguuni.

Robo saa baadaye mama naye anashika njia ileile. Anapofika kwenye mwembe, nje kidogo ya makazi, anaona jambo. Nyayo za gambuti zinaishia pale. Kuanzia hapo kwenda mbele ni nyayo za miguu mitupu.

Anamkuta kijana jarubani, magambuti ameyafunga kamba na kuyaning'iniza shingoni.

"Wewe! Nimekununulia uvae au ubebe?"

"Yanauma, mama. Na yananuka, wenzangu wananicheka."

Mama alikuwa amejiandaa kugomba, lakini anaingiza mkono ndani ya gambuti moja. Soli ya ndani imejikunja na kuwa kama kamba chini ya vidole. Kitambaa cha kisigino kimechanika, na pembe yake imekauka ikawa ngumu. Kila kitu kina unyevu, ingawa gambuti halijatoboka popote. Anamwambia mtoto ageuze mguu. Kisigino kina kidonda cha siku kadhaa ambacho hakuna mtu nyumbani aliyekuwa amekiona.

Magambuti yale yalinunuliwa mnadani yakiwa yameshatumika, namba mbili zaidi ya mguu wa mtoto, ili amalize nayo shule ya msingi. Mzazi yeyote anayepigia hesabu mfuko wake angeweza kufanya hivyo. Tatizo ni kwamba kiatu kinachouma hakivaliwi, na gambuti lililoning'inia shingoni halimkingi mtu.

Gambuti lilinunuliwa kwa kazi gani?

Katika maeneo ya mpunga, gambuti si pambo. Lina kazi zake kiafya, na mzazi akizikumbuka ataona kwa nini bitana ya ndani, kile kitambaa kinachogusa mguu, inastahili kuangaliwa kama ganda la nje.

Kazi ya kwanza ni kuzuia minyoo ya safura. Vimelea vichanga vya minyoo hiyo huishi kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Mtu akipita miguu mitupu, hupenya ngozi, huingia kwenye damu na mwishowe hufika kwenye utumbo, ambako minyoo hukua na kunyonya damu. Mtoto huanza kuchoka haraka, hupauka viganja na macho, na darasani husinzia. Mzazi anaweza kudhani ni uvivu.

Ya pili ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi, huogelea kwenye maji yaliyotuama au yanayokwenda polepole, na hupenya ngozi ya mtu aliyesimama humo. Gambuti husaidia pale tu maji yasipopita juu ya mdomo wake. Maji ya jarubani yakiingia ndani, mguu umeloa maji yaleyale yaliyokuwa yanakwepwa.

Ya tatu ni nyoka, miiba na vipande vya chupa. Wakulima wengi wanaoumwa na nyoka huumwa mguuni, chini ya goti. Na kidonda kilichoingia udongo kinaweza kuleta pepopunda kwa mtu ambaye hajakamilisha chanjo.

Ni kweli pia kwamba wakati wa kupandikiza mpunga kwenye tope zito, gambuti hunaswa na wengi huingia bila viatu. Hilo halifuti faida yake njiani, kwenye kingo za majaruba, kwenye palizi, kwenye zizi la ng'ombe na kwenye nyasi ndefu. Huko ndiko mtoto wa Msangano anakopita kila siku, na huko ndiko aliyevua gambuti kwa sababu ya maumivu anapokosa kinga.

Plastiki haina mlango wa jasho

Magambuti mengi ya bei nafuu yametengenezwa kwa plastiki. Ukuta uleule unaozuia maji kuingia huzuia jasho kutoka. Mguu hutoa jasho mfululizo, zaidi wakati wa kazi na joto. Baada ya saa chache bitana huwa imeloa hata kama mtoto hajakanyaga dimbwi.

Ngozi iliyoloa hulainika. Ikisuguliwa na kitambaa kilichojikunja, hutoka lengelenge. Lengelenge likipasuka huwa kidonda. Katikati ya vidole, pasipopata hewa, ngozi huwa nyeupe, huwasha na kupasuka, na hapo fangasi hupata makazi. Harufu anayochekewa mtoto hutokana na bakteria wanaoshamiri kwenye jasho hilo.

Wapanda milima ya theluji walikutana na tatizo hili zamani. Miaka ya 1980 wengi wao walianza kuvaa mabuti ya plastiki ngumu, kwa sababu yalizuia maji na baridi kuliko ya ngozi. Watengenezaji walijua kwamba plastiki peke yake ingeumiza mguu, kwa hiyo waliweka buti ndani ya buti: ganda gumu nje, na ndani buti laini linalotolewa. Jioni mpandaji hulitoa lile la ndani alikaushe, na penye baridi kali hulala nalo ndani ya mfuko wake wa kulalia. Likichakaa na kubonyea, hununua la ndani tu na kuendelea kutumia ganda lilelile.

Tatizo halihitaji baridi ili kutokea. Katika vita ya Vietnam, askari wa Marekani waliokaa siku kadhaa mfululizo ndani ya majaruba ya mpunga, maji yakiwa ya uvuguvugu, walivimba na kubabuka nyayo hadi wakashindwa kutembea. Kinga iliyosaidia ilikuwa rahisi: kuvua viatu na kuacha miguu ikauke vizuri kila siku, hasa usiku.

Mkulima wa Momba hawezi kununua buti la kupandia mlima, wala halihitaji. Anachoweza kuchukua kwao ni utaratibu wao: ganda ni la kudumu, cha ndani ni cha kutolewa, kukaushwa na kubadilishwa.

Anza kwa kukagua

Mzazi aanze kwa kuingiza mkono mtupu ndani ya gambuti, baada ya kuligeuza na kulikung'uta kwanza, maana nge na nyoka wadogo hupenda kujificha humo. Apapase sehemu nne: chini ya vidole, ukingoni mwa soli, nyuma ya kisigino, na pale gambuti linapokunjika juu ya unyayo. Mkono ukikwaruzwa, ngozi ya mtoto nayo inakwaruzwa kwa kila hatua.

Kisha aangalie ganda. Ajaze maji hadi nusu na kuliweka mahali pakavu kwa dakika kumi. Kama linavuja, fundi viatu aanze kuziba, kwa kiraka ikiwa ni mpira au kwa kisu cha moto ikiwa ni plastiki. Hakuna maana ya kuweka bitana mpya ndani ya gambuti linalopitisha maji. Na kama plastiki imekakamaa na kupasuka pale inapokunjika, gambuti hilo limemaliza kazi yake.

Kipimo cha kidole

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kununua gambuti kubwa na kulijaza matambara hadi lishike. Mguu wa mtoto hubanwa juu na kulegea nyuma, naye hutembea akiburuza.

Kipimo ni hiki. Toa soli ya ndani. Mtoto aingize mguu akiwa amesimama, ausogeze mbele mpaka vidole viguse mwisho. Mzazi aingize kidole chake nyuma ya kisigino.

Kidole kisipoingia, gambuti ni dogo, hata kama mtoto anasema halimbani. Kidole kimoja kikiingia, linafaa kwa soli nyembamba na soksi nyepesi. Vikiingia viwili, kuna nafasi ya bitana nene na soksi. Vikiingia vitatu, gambuti ni kubwa mno na bitana haitaliokoa. Ni afadhali apewe kaka yake, huyu atafutiwe jingine.

Kama bitana imegundishwa na bado ni nzima, isibanduliwe. Hapo kipimo ni kidole kimoja, soksi zikiwa zimevaliwa.

Upimaji ufanyike jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Ipimwe yote miwili, kwa kuwa mara nyingi hailingani, na gambuti lifuate mguu mkubwa. Mguu wa mtoto hukua upesi, hivyo kipimo kirudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne, si mara moja kwa msimu.

Kitambaa gani kinafaa?

Sufu ndiyo bora pale inapopatikana. Hunyonya jasho bila kumwachia mtu ubaridi, na haibonyei haraka. Kwenye mitumba ya Tunduma au mnadani, sweta kuukuu la sufu au kipande cha blanketi zito kinaweza kutosha.

Pamba, kama fulana kuukuu, ni laini na hunyonya jasho vizuri, lakini hukaa na unyevu muda mrefu. Inafaa kama bitana nyembamba kwa sharti kwamba inatolewa na kufuliwa kila siku.

Soli za ndani zinazouzwa madukani, zenye sponji ngumu na kitambaa juu, zinafaa kwa chini ya unyayo. Mzazi azibonyeze kwa kidole gumba kabla ya kulipa. Inayorudi haraka itadumu. Inayobaki na shimo itakuwa bapa baada ya wiki chache.

Sponji ya godoro haifai. Hunyonya maji kama dodoki, hubonyea chini ya kisigino na kukunjika. Boksi nalo haliwezi kazi hii, kwani likiloa huvunjika na kuwa madonge yanayochoma unyayo. Mfuko wa plastiki juu ya soksi, ambao baadhi ya watu huuvaa kuzuia maji, huongeza jasho na kuharibu ngozi zaidi.

Kukata na kuvalisha

Kama soli ya zamani bado ina umbo, ndiyo itumike kama kielelezo. Kama haina, mtoto asimame juu ya kipande cha boksi, mguu uchorwe kwa kalamu iliyosimama wima, kisha boksi likatwe na kujaribiwa ndani ya gambuti. Likilala bapa bila kupanda ukutani, ndicho kipimo cha kukatia kitambaa. Likikunjika, lipunguzwe kidogo kidogo kwa mkasi kuanzia mbele.

Kwa bitana nzima inayofunika mguu hadi kwenye muundi, fundi cherehani anaweza kushona soksi nene ya blanketi kwa vipande viwili. Kuna mambo matatu ya kumwambia.

Kwanza, mishono ielekee upande wa ganda, si upande wa ngozi, na usipite mshono wowote katikati ya kisigino. Pili, bitana iishie vidole viwili chini ya mdomo wa gambuti. Ikichomoza nje, mvua itaingia kupitia kitambaa kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Tatu, isigundishwe. Bitana iliyogundishwa haitoki kukaushwa, na faida yote imepotea.

Ikishaingia, mtoto atembee hatua ishirini, achuchumae, apande na kushuka kizingiti. Gambuti halina kamba, hivyo kisigino kuinuka kidogo ni kawaida. Kikiinuka zaidi ya upana wa kidole, kitasugua. Vidole viweze kucheza. Mwisho, mzazi amvue na kuangalia ngozi. Alama nyekundu isiyopotea baada ya dakika chache ni dalili kwamba pale patatoka lengelenge.

Bitana mbili kwa kila mguu

Hapa ndipo gharama ndogo inapoleta faida kubwa. Kila mtoto awe na jozi mbili za bitana na jozi mbili za soksi. Moja imo ndani ya gambuti, nyingine ipo kwenye kamba. Zikibadilishwa kila siku, mguu huanza asubuhi ukiwa mkavu.

Jioni bitana itolewe, ifuliwe kwa sabuni na kuanikwa. Gambuti lenyewe lifutwe ndani, lijazwe gazeti lililofinyangwa kwa saa moja au mbili ili linyonye unyevu, kisha gazeti litolewe na gambuti ligeuzwe mdomo chini juu ya vijiti viwili, mahali penye upepo. Lisiwekwe karibu na jiko au moto. Plastiki hulegea, hupinda au kupasuka. Jua kali la siku nzima nalo huikakamaza.

Nyumba nyingi zina gambuti moja linalovaliwa na baba asubuhi na kijana wake jioni. Fangasi huhama kwa njia hiyo. Kama kununua jingine haiwezekani kwa sasa, kila mtu awe na bitana na soksi zake, asizichangie na mwenzake. Bitana nene ya kijana na nyembamba ya baba zinaweza kusawazisha tofauti ya namba moja. Tofauti ikiwa namba mbili au zaidi, haitawezekana.

Nyumba yenye mzee mwenye kisukari iwe makini zaidi. Ugonjwa huo unaweza kupunguza hisia za miguu, na mzee akatembea siku nzima juu ya mkunjo wa bitana au kijiwe bila kusikia chochote. Mkono upite ndani ya gambuti lake kila asubuhi, na miguu yake ikaguliwe kila jioni.

Mguu ukishaumia

Lengelenge ambalo halijapasuka lisitobolewe. Lifunikwe kwa kitambaa safi, na gambuti lipumzishwe mpaka sehemu ipone. Likipasuka, lioshwe kwa maji safi na sabuni, likaushwe na kufungwa. Oili chafu, unga wa betri, majivu na kinyesi cha ng'ombe visipakwe kwenye kidonda kwa namna yoyote. Huchoma ngozi, na majivu au kinyesi vinaweza kupeleka vijidudu vya pepopunda ndani.

Muwasho na weupe katikati ya vidole hutibika kwa dawa za fangasi za kupaka, kama klotrimazoli, kwa maelekezo ya mtoa dawa. Wengi huacha kupaka muwasho unapokoma, na baada ya wiki mbili fangasi hurudi. Dawa ipakwe hadi siku zilizoelekezwa ziishe, na bitana zifuliwe kipindi chote hicho, vinginevyo mguu uliopona utaingia tena kwenye kitambaa chenye ugonjwa.

Mtoto apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa ikiwa kidonda kinatoa usaha, mguu umevimba na kuwa wa moto, mstari mwekundu unapanda kuelekea juu, ana homa, au mtoki wa kinena umeuma. Kidonda chochote kilichoingia udongo ni sababu ya kumuuliza mhudumu kuhusu chanjo ya pepopunda.

Anayekojoa damu, au anayepauka na kuchoka bila sababu, apimwe kichocho na minyoo. Na siku dawa za magonjwa hayo zinapogawiwa shuleni, mtoto asizuiwe nyumbani. Gambuti na dawa hufanya kazi pamoja.

Kijana wa Msangano alipumzishwa magambuti kwa wiki nzima, akabaki kwenye kazi za nyumbani, na kisigino chake kikafungwa kitambaa safi kila siku. Mama alimpimia kidole na vikaingia vitatu. Magambuti yale yakaenda kwa kaka mkubwa. Huyu mdogo akatafutiwa mengine mnadani, nayo yameshatumika, ila ganda zima. Fundi cherehani wa jirani akashona jozi mbili za bitana kutokana na blanketi lililokuwa limeungua pembeni.

Jumamosi ya kwanza baada ya kidonda kufunga, mvua ilikuwa imenyesha tena. Mama alipofika kwenye mwembe alisimama kidogo, akatazama chini. Nyayo za gambuti zilikuwa zimepita pale na kuendelea hadi jarubani.